Kiti cha Nyuma ya Mama

Dada zangu wa kikundi cha cherehani,

Tangu nirudi mmeniuliza mlangoni, bombani, hata kanisani wakati wa kufumba macho, na kila mmoja nimempa kipande. Sasa vipande hivyo mmevishona vibaya. Nasikia kuna anayesema nilikutwa na ugonjwa, na mwingine anasema niligombana na mzungu. Basi naandika yote mara moja. Karatasi hii ipite mkono kwa mkono, na atakayemaliza ampe mwenzake, asije tena kwangu na pole ya kuchungulia. Habari za fomu, picha na alama za vidole naziruka. Hizo hamhitaji kuambiwa, nyote mna mafaili.

Kutoka Misiera

Jumapili ya kuagana mlikuwepo. Cherehani nilimpa Furaha, kuku nikampa mchungaji, na nyumba pamoja na ile sufuria kubwa nikampa jirani yangu Mama Solange. Tulifanya kama wafanyavyo wote wanaoondoka hapa: vitu vinawekwa uani, vinaombewa, vinagawiwa. Kilichogawiwa kwa maombi hakidaiwi. Mimi mwenyewe, mtakumbuka, nilimcheka mzee mmoja ambaye safari yake iliahirishwa akaja kuulizia jembe lake. Nilisema mtu mzima hovyo. Midomo yangu hii.

Karatasi ikifika kwa asiyetufahamu, ajue hivi. Mimi ni Mapendo, mjane, mtoto wa kwanza. Mama yangu haoni tena ila mwanga wa mlango. Mdogo wangu Bahati ana mkewe Noella na watoto wanne, na Mama aliandikwa katika faili lao, kwa sababu mimi niliingia Uganda nyuma yao, peke yangu, nikapewa faili langu. Baadaye mafaili yalifungwa pamoja tusafiri siku moja kwenda Kanada. Kwenye karatasi Mama alikuwa wa Bahati. Kwenye kuoga, kula na kwenda chooni alikuwa wangu. Tukitembea, yeye hutangulia na mimi nafuata nyuma, mkono wangu begani mwake, namwambia kulia, kushoto, shimo. Watu wa Misiera, kijiji chetu hapa kambi ya Nakivale, walituzoea hivyo.

Basi lilitupakia Base Camp, penye ofisi za kambi, asubuhi. Tulikuwa watu arobaini hivi. Nilimkalisha Mama kwenye kiti cha dirishani, mimi nikakaa nyuma yake, kwa sababu pembeni yake Noella alijaza watoto. Basi lilipoanza kuondoka mliimba. Mama aliniuliza nani analia, nikamwambia hakuna, ni injini.

Biharwe, tuliposimama

Masha tulichelewa kidogo kwa ajili ya ng'ombe, wale wa pembe ndefu, waliojaa barabarani wakatuangalia kama sisi ndio tuliokosea njia. Mbarara tulipita bila kusimama. Nilitaka Mama anywe chai ya mjini, lakini dereva alisema tumechelewa. Basi tulipofika Biharwe, kwenye barabara ya Masaka, simu yake ikalia, akaegesha pembeni, akashuka, akazungumza Kinyankore muda mrefu akiwa amejishika kiuno. Mtu akijishika kiuno kwenye simu, jua hamna habari njema.

Dereva huyo aliitwa Mzee Kato. Alikuwa ameshapeleka wakimbizi uwanja wa ndege miaka mingi, na ndege alizijua kuliko mchungaji anavyojua Zaburi. Alirudi akasimama mlangoni.

"Watu yangu, pole. Ile ndege kubwa imekwenda pensheni."

Hatukuelewa. Akaeleza. Kampuni ya ndege tuliyokuwa tusafiri nayo ilikuwa na ndege kubwa ya zamani, ya injini nne, ambayo ndiyo ilichukua karibu kila mtu wa Nakivale aliyewahi kuondoka. Mmeiona, hata kama hamkujua. Ni ile yenye viti kumi kwa mstari, ambayo kila aliyefika hututumia picha yake, amekaa katikati na mdomo wazi. Kampuni ilikuwa imepanga kuistaafisha mwezi ujao. Sasa imeamua mapema, wanaleta mpya.

"Ile mzee nakunywa mafuta mingi," alisema Mzee Kato. "Mpya iko na injini mbili tu. Hapana piga kelele. Lakini leo hakuna, kesho hakuna. Sisi nangoja Kampala."

Mama aligeuza uso kwenye sauti. "Baba, na ile muzee banaipeleka wapi?"

"Jangwani, nyabo," alisema, ndivyo wanavyomwita mama huku. "Nasimama huko kwa jua, halafu nakata-kata."

"Ilibeba batu yote ile myaka yote, na banaikata?"

"Ni biashara, nyabo."

Mama aliegemea nyuma, upande wangu. Halafu akaniambia kwa sauti ya chini, "Mapendo, usibaambie myaka yangu." Nilicheka, na ndicho kicheko changu cha mwisho katika safari hii.

Tulikaa pale Biharwe kama saa tatu, maana Mzee Kato hakuruhusiwa kuendelea mpaka apate neno kutoka kwa wakubwa wake. Mwanamke mmoja alituletea ndizi za kuchoma na maziwa kwenye jagi. Maziwa hayakutosha. Nilimshikia Mama kikombe akanywa, watoto wa Bahati wakanywa, na kilipofika kwangu kulikuwa na povu tu. Noella akaniuliza kama nimepata. Nikasema nimeshiba.

Mnalijua neno hilo, sisi wote tumelelewa nalo. Chakula kikiwa kidogo, binti mkubwa anajifuta mdomo mkavu anasema nimeshiba, na hakuna anayemuuliza ameshiba nini. Mimi nilianza kulisema nikiwa na miaka saba, huko kwetu milimani juu ya Uvira. Sikulifikiria tena pale Biharwe. Ni kama kukohoa.

Kampala, siku mbili

Nyumba ya wasafiri ilikuwa na vitanda vya chuma, wali na kabichi, kabichi na wali. Siku mbili hizo Mama hakukubali kulishwa na mtu mwingine. Noella alijaribu jioni ya kwanza, kwa nia njema kabisa, nilipokuwa nafua. Alimpa kijiko bila kumwambia kuna nini juu yake, Mama akafunga mdomo. Nilimwonyesha Noella: kwanza unataja, ndipo unaleta kijiko. "Wali, Mama. Sasa kabichi." Noella alisema amesikia. Alikuwa na watoto wanne miguuni na hofu yake mwenyewe, sina la kumlaumu.

Mama alikuwa ana wasiwasi na jambo moja tu. "Kule ndani, utakuwa wapi?"

"Nyuma yako, Mama."

"Kama siku zote?"

"Kama siku zote."

Niliahidi hivyo nikiwa sijaona hata tiketi. Nilidhani ni ahadi ndogo kuliko zote nilizowahi kutoa.

Entebbe

Uwanja wa ndege tulifika mchana. Kupitia kioo kikubwa tuliiona ndege mpya, nyeupe, safi, imesimama peke yake. Mara magari mawili ya zimamoto yakaja mbio, moja huku na moja kule, yakaanza kuimwagia maji juu ya mgongo. Watu wetu wakashika vichwa. Noella aliwavuta watoto nyuma, mzee mmoja akaanza kukemea moto kwa jina la Yesu kwa sauti ya mkesha. Askari akakimbilia kwetu.

"Kimya, nyinyi watu ya Nakivale. Hapana moto. Hiyo ni heshima, ndege ni mpya, nakaribisha yeye."

Nilimweleza Mama. Akafikiri. "Banaibatiza kwa maji mingi," akasema. "Basi ni mutu wa kanisa yetu."

Wafanyakazi wa kampuni walikuwa wamevaa tai mpya na vitambaa shingoni, na mezani kulikuwa na keki kubwa iliyochorwa ndege kwa sukari. Walikata keki, wakapigiana makofi, wakapiga picha. Ndipo akaja dada wa orodha, Mganda mwenye sura ya upole, na karatasi ambayo hakutaka kuisoma.

"Watu ya Nakivale, sikieni. Hii ndege ni muzuri lakini viti ni kidogo. Mbele wameweka vitanda ya matajiri. Watu watano nabaki. Wiki moja tu, wiki ingine nakwenda."

Ndivyo ilivyo ndege mpya: haili sana mafuta, na watu pia haili sana.

Alisoma majina manne ya vijana waliokuwa na mafaili ya peke yao. La tano lilikuwa Jeremi. Jeremi ni mume wa Esperance, yule binti wa Base Camp mwenye mtoto mchanga. Walifunga ndoa kanisani baada ya mafaili kuandikwa, kwa hiyo kwenye karatasi Jeremi alikuwa bado kapera. Esperance hakupiga kelele. Alikaa chini sakafuni na mtoto mgongoni, akamshika mumewe suruali kwenye goti.

Dada wa orodha alisema kama kuna mtu mwingine anaweza kungoja badala yake, aseme. Kila mtu aliangalia viatu vyake. Bahati pia aliangalia vyake, navyo nilimnunulia mimi. Nilimtazama Esperance, nikasikia mdomo wangu umeshasema.

"Mimi nitangoja."

Mnataka kujua kwa nini. Ningewadanganya kama ningesema ni upendo. Ilikuwa ni mazoea. Sufuria ilikuwa ndogo, na mkubwa alikuwa mimi. Sikuuliza cheti cha daktari kinaisha lini. Sikuuliza ile wiki moja nani ameihesabu. Mtu anayesema nimeshiba huwa haulizi maswali.

Dada wa orodha aliandika haraka, mtu aliyepata njia hataki ifungwe. Ndipo nikakumbuka bega la Mama.

Bahati alinivuta pembeni. "Dada, tukimwambia hatapanda. Na yeye asipopanda, faili letu lote linabaki. Batoto, wote."

"Basi tutafanyaje?"

"Umwambie uko nyuma."

Hapo ningeweza kurudisha neno langu. Jeremi alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu, na mtoto wake amelala. Sikulirudisha. Nilimfunga Mama kitenge vizuri, nikampeleka kwenye mlango, yeye mbele, mimi nyuma, mkono wangu begani. Nikamwambia, "Niko nyuma yako, Mama." Kwenye kamba, pale ambapo mwenye tiketi tu anapita, niliinua mkono na Noella akaweka wake.

Mama akasimama. Watu walikuwa wanasukuma.

"Mapendo," akasema bila kugeuka, "mukono yako ni baridi."

Noella alinitazama machozi yakimtoka. Mimi nikajibu kutoka upande wangu wa kamba, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Ni yale maji, Mama. Tembea. Kulia kidogo."

Akaenda kulia kidogo. Ndivyo nilivyoagana na mama yangu. Ndege iliondoka bila kelele, kama Mzee Kato alivyosema, na hilo lilinichoma zaidi, maana nilitaka angalau ipige kelele.

Dada wa orodha alikuja na kipande cha keki kwenye karatasi. Alikuwa na huruma ya kweli. Nikamwambia nimeshiba. Akakiweka kwenye kiti kando yangu, wale vijana wanne wakakigawana.

Mbarara, kurudi

Kesho yake walituambia nyumba ya wasafiri inapokea kundi jingine, turudi Nakivale tutapigiwa simu. Vijana walibaki Kampala kwa ndugu zao. Mimi nilirudi na Mzee Kato, yeye mbele, mimi nyuma, viti vyote vingine vitupu. Hakuniuliza lolote mpaka Biharwe. Pale alipunguza mwendo, akasema, "Miaka yote hii, mimi naleta watu. Hapana rudisha mtu." Nikamwambia kila kitu kina siku yake ya kwanza.

Basi lilikuwa na kazi nyingine Mbarara, akanishusha mjini. Nilikaa kibandani kwa mwanamke anayeuza chai na katogo ya ndizi. Nilikuwa bado nimeshika ule mfuko mweupe wa karatasi za safari, ule ambao ukionekana nao kila mtu anajua unakwenda ng'ambo. Aliuona akafurahi kuliko ndugu.

"Nyabo, wewe naenda Ulaya! Mungu mkubwa. Chai hii ni bure. Ukifika, ombea mimi."

Ningeweza kumsahihisha. Nilikuwa nimechoka kueleza, na chai ilikuwa ya moto. Nikasema asante, nitakuombea. Akaita jirani yake aje anione. Jirani akanishika mkono apate baraka ya safari. Nikakaa pale nikipongezwa na watu wawili mpaka chai ikaisha, nikasimama nikaenda upande wa Kampala hatua chache ili wasinione naelekea nyumbani, halafu nikazunguka nyuma ya soko. Wakati naandika haya bado naona aibu, lakini yule mama nimemwombea kweli.

Nilipata nafasi kwenye pikapu iliyorudisha mikebe mitupu ya maziwa Masha. Mikebe iligongana njia nzima. Kutoka Masha nilingoja tena, mvua ikanyesha, nikapata gari lingine jioni.

Misiera

Haya mliyaona, kwa hiyo nitasema kwa upande wangu tu. Watoto walikimbia kwanza kuniangalia miguu, wahakikishe si mzimu. Halafu mlikuja, mkasimama mlangoni pa Mama Solange, hakuna aliyejua ashike wapi. Furaha aliniambia, dada, cherehani iko, chukua. Nikakataa. Nilimcheka mzee wa jembe, siwezi kuwa mzee wa cherehani. Ushone, Furaha. Usiniulize tena.

Mama Solange alinipa kigoda cha wageni, ndani ya nyumba niliyoikandika mwenyewe. Alinitandikia mkeka upande ule alipokuwa akilala Mama. Kila jioni alipakua ugali na mboga ya lengalenga kutoka katika ile sufuria kubwa, na ana watoto watano. Nami kila jioni nilisema nimeshiba.

Siku ya nne ofisi ilinipigia. Viti havijapatikana, ndege za zamani zimeondoka zote na mpya hazijafika za kutosha. Cheti changu cha daktari kinaisha kabla ya nafasi inayofuata. Nitaanza tena, na faili langu sasa halijafungwa na la mtu yeyote, kwa sababu wale niliofungwa nao wameshafika. Aliyepiga alisema kwa adabu. Nilimshukuru.

Jioni hiyohiyo simu ikalia tena, namba ndefu. Ilikuwa Bahati. Alisema wamefika salama, kuna baridi, watoto wana makoti. Halafu akasema, "Mama anajua. Nilimwambia tulipofika. Siku mbili hajasema kitu. Leo anakutaka weye."

Nilitoka nje nikasimama karibu na ukuta wa jiko. Nilisikia pumzi yake kwanza.

"Mapendo."

"Ndiyo, Mama."

"Weye uliniambia uko nyuma."

"Ndiyo, Mama."

"Nilikuwa nakuulizia njia yote. Banasema, Mapendo analala. Nikasema basi, alichoka, mumuache." Akaendelea. "Bakaleta chakula. Kulikuwa mukate. Nikakula nusu, nusu nikaifunga mu kitenge. Nikasema, huyu mutoto akiamuka atasema ameshiba, na hajakula kitu."

Niliushika ukuta wa jiko.

"Niko nao mpaka leo. Noella anataka kuutupa, anasema ulikauka. Nikamukataza." Nikasikia kitenge kikikunjwa. "Ulizani sijui? Tangu ungali mudogo, nilikuwa najua. Nilikuwa nakuacha, juu bengine bale nao balikuwa na njaa. Ile ni zambi yangu, si yako."

Dada zangu, nina miaka hamsini na mbili. Nililia ukutani kama mtoto.

"Sasa uniambie kweli," akasema Mama. "Leo umekula?"

Ndani Mama Solange alikuwa anapakua. Niliusikia mwiko ukigonga sufuria yangu.

"Bado, Mama."

"Enda ukule. Simu usikate."

Niliingia ndani nikamwambia Mama Solange nina njaa, naomba sahani. Alinipakulia sahani ikajaa. Niliweka simu sikioni kwa mkono mmoja, nikala kwa mwingine. Nilimtajia kila kitu kabla sijakitia mdomoni: ugali, Mama, sasa lengalenga. Naye huko mbali akanisikiliza nikitafuna, mpaka sahani ikaisha.